Breki Inayoshika: Fungua Nipeli Kabla ya Kununua Kaliperi

Tairi la mbele kushoto la Toyota Probox moja lilikuwa likichemka hadi rimu haishikiki, na gari likivuta upande huohuo. Mwenye gari alikwisha kubadilishiwa pedi kwingine. Baada ya muda mfupi nazo zikaanza kunuka. Akashauriwa anunue kaliperi ya mtumba. Fundi mmoja wa Kigamboni alikataa kumnunulisha kitu kabla ya kupima.

Alipandisha gari kwa jeki, akamwambia kijana wake akanyage breki na kuachia, kisha akazungusha tairi kwa mkono. Zito. Akalegeza nipeli ya kutolea upepo, na hapo ndipo ilipo kazi yote. Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi likalegea papo hapo, ujue presha imenaswa: ama mpira wa breki umevimba kwa ndani, unapeleka mafuta lakini hauyarudishi, ama masta silinda haiachii. Hapa yalichuruzika kidogo tu, na tairi likabaki zito vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye kaliperi yenyewe.

Alipoifungua, pistoni ilirudi ndani kwa klampu bila kusumbua. Pedi, hata hivyo, zilikuwa zimelika mshazari: ncha moja nene, nyingine inakaribia chuma. Kaliperi ya namna hii huteleza juu ya pini mbili. Moja ikikwama, inakaa upande na pedi hazibanduki kwenye diski. Pini ya kwanza ilitoka kwa vidole. Ya pili ilitaka spana, na kimpira cha nchani kilikuwa kimevimba na kulainika, kimejaa grisi ya beringi. Grisi hiyo hutokana na mafuta ghafi, nayo huvimbisha vimpira vya breki. Gari zima lilikuwa linateswa na mpako mmoja wa grisi isiyo yake, na hilo linaniudhi, maana ya silikoni inapatikana madukani.

Alisafisha tundu, akaweka kimpira na vifuniko vya vumbi vipya, akapaka grisi ya silikoni kidogo. Pedi zilibadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele. Mafuta ya breki pia, kwa sababu yalikuwa yamepikwa: DOT 3 mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Akamalizia kwa kutoa upepo.

Ukipeleka gari gereji, mwombe fundi afungue nipeli mbele yako, na umuulize pini anazipaka grisi gani.