Joshua Bado Anahubiri Huku Kwetu

Kuna mahubiri ambayo kila aliyelelewa kanisani upande wa Kericho na Bomet anayajua. Huja wiki mbili tatu baada ya familia fulani kuacha kuonekana. Pasta hataji jina. Anasema tu "kuna watu", na shingo zote zinageukia benchi lililo tupu. Kisha anafungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya pili, pale panapozungumziwa wale waliotoka, na kazi imeisha. Kumbe aliyeondoka hakuwahi kuwa mmoja wetu. Amina? Amina.

Mimi nayachukulia mahubiri hayo kama fasihi simulizi, maana nimeyasikia mara nyingi kuliko hadithi za kogo, nyanya yangu. Yana mpangilio wake: kwanza fumbo, halafu andiko, halafu kisa cha mtu aliyetoka akapata ajali au akafutwa kazi, mwisho maombi. Ila yana kasoro moja kubwa. Anayezungumziwa hayupo, wala hayakutungwa kwa ajili yake. Yametungwa kwa ajili ya sisi tuliobaki, tujue tutakavyosemwa siku tukijaribu.

Aliyeielewa hii kitu mapema ni Ngũgĩ wa Thiong'o, kwenye The River Between, riwaya ya 1965 ambayo kwa Kiswahili inaitwa Njia Panda. Watu huizungumzia kwa ajili ya Waiyaki na mapenzi yake na Nyambura. Sawa. Mimi naisoma kwa ajili ya Joshua, mhubiri wa Makuyu. Binti yake Muthoni anatoroka kwenda kutahiriwa kama wasichana wengine wa milimani. Joshua anatuma ujumbe kwamba arudi, na asiporudi si binti yake tena. Harudi, na kuanzia siku hiyo, kwa babake, ni kama hakuwahi kuzaliwa. Jeraha linamuua. Joshua haonyeshi chozi, na kwa watu wa misheni kifo hicho kinakuwa ushahidi wa kile walichokuwa wakihubiri siku zote.

Sitetei ukeketaji; uliua Muthoni kitabuni na umeua wasichana wengi nje ya kitabu. Ninachotaka uone ni kwamba Muthoni hakumwacha Yesu. Anakufa akisema anamwona. Alitaka kuwa Mkristo na kuwa mwanamke wa kabila lake pia, na hakuna mtu kanisani aliyemuuliza hilo lina maana gani kwake. Joshua alikuwa na hukumu tayari, kwa hivyo hakuhitaji swali.

Ngũgĩ hakuokota haya hewani. Mwaka wa 1929 misheni kadhaa za Kenya ya kati ziliwataka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana, na wengine waliweka alama ya kidole gumba. Ndipo jina kirore likatokea. Wengi waliondoka na kuanzisha shule na makanisa yao. Africa Inland Mission, mojawapo ya misheni zilizokuwa ndani ya mvutano huo, ndiyo iliyopanda pia kanisa la Litein, katikati ya chai yetu. Kwa hivyo tukisoma habari za Makuyu, tusijifanye tunasoma za watu wengine.

Kuna mtu mwingine kwenye riwaya ambaye watu humsahau: Miriamu, mkewe Joshua. Analia kwa siri, kwa sababu kumlilia mwanawe hadharani ni kumpinga mumewe na kanisa kwa mpigo. Akina Miriamu wamejaa Bomet. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu nilirudi nyumbani, na baada ya miezi michache nikaacha kwenda kanisani pia. Kanisa lenyewe silitaji. Hakuna aliyenipigia simu. Jina langu lilisomwa kwenye maombi ya "vijana waliopotea", mama akiwa mstari wa pili. Hakuniambia. Niliambiwa na jirani, tukichuma chai. Mimi ndiye niliyeondoka, lakini adhabu ilimwangukia aliyebaki.

Wacha pia niwe mkweli kwa mapasta. Kanisa dogo kwenye kambi ya wachumaji linaishi kwa sadaka ya watu wachache. Mashine za kuchuma chai zilipoingia kwenye mashamba makubwa, kazi zilipotea. Mei 2023 watu waliziteketeza baadhi yake huko Kericho kwa hasira. Mchumaji akikosa kazi anahama na familia yake, na fungu la kumi linahama naye. Wenye mashamba madogo nao husubiri bonasi, na kanisa husubiri pamoja nao. Kwa pasta wa hapo, benchi tupu ni sufuria tupu. Naelewa hofu hiyo. Lakini hofu ya njaa ikivalishwa joho la unabii, aliyefuata kazi Naivasha anaitwa msaliti.

Na walio wengi hawamwachi hata Mungu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 750,000 wasio na dini, lakini huku kwetu ukiuliza aliyetoka yuko wapi, mara nyingi utaambiwa yuko kanisa la ng'ambo ya barabara.

Baada ya Shakahola tulizoea kufikiri kwamba kanisa baya ni lile linalokuzuia kutoka kwa nguvu. Huku hakuna msitu wala walinzi. Kuna ukimya tu: mtu aliyekuwa akikuita ndugu anavuka barabara akikuona stendi ya Litein.

Usidhani pia kwamba kuondoka peke yake kunaponya. Kabonyi aliondoka kwa Joshua, akawa sauti kubwa ya Kiama, na Kiama kikafunga watu kwa kiapo. Waiyaki alipompenda binti wa upande wa pili, akahukumiwa kama msaliti. Alibeba tabia ya Joshua, akabadilisha mlima tu. Hapo ndipo ukali wa riwaya hii ulipo, na ndiyo sababu haijazeeka.

Mapasta wetu wanapenda Luka 15, basi waisome hadi mwisho. Mchungaji anamfuata kondoo mwenyewe, kwa miguu yake. Baba anamgawia mwana mali yake na kumwacha aende, bila laana. Anayekasirika ni kaka mkubwa, yule ambaye hakuondoka. Mahubiri ya benchi tupu yanahubiriwa kwa sauti ya huyo kaka, halafu yanapewa jina la baba.

Hakuna anayemwomba pasta ashangilie mtu akiondoka. Aende amwone, anywe chai, aulize "ulituacha kwa nini?" kisha anyamaze asikie jibu. Akihama, apewe barua ya kumtambulisha aendako. Akifiwa, wazee waende matangani. Na Jumapili, kama hakuna jambo la kumwambia yeye mwenyewe usoni, basi mimbarini lisisemwe.