Moyo wa Mvuke

Tone la kwanza likitoka kwenye mdomo wa mtambo, mpishi wa pombe kali haliweki kwenye chupa. Hulikinga kiganjani, husugua viganja, kisha hunusa. Likinuka gundi, analimwaga. Atarudia hivyo mpaka harufu ya gundi ikatike na harufu ya tunda ianze, na hapo ndipo anapobadilisha chombo. Naiheshimu kazi hii kwa ajili ya kitendo hicho kidogo: ufundi wote umo katika kujua nini cha kumwaga.

Wapishi ninaowasema ni wakulima wa matunda wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, kuanzia Msitu Mweusi hadi ziwa la Bodensee. Mashamba yao ya asili ni miti mirefu ya matufaha, mapeasi, plamu na cheri, iliyosimama mbalimbali katikati ya majani ya kukatia mifugo. Tunda dogo lisilopata bei sokoni huingia kwenye pipa, lakini liwe limeiva na liwe safi, maana uozo ukiingia pipani hautoki tena. Humo huchacha kwa wiki kadhaa. Aliyekulia penye ndizi za kupikia pombe ya mbege anaijua harufu hiyo, tamu yenye ukali, inayovuta nyuki hadi mlangoni.

Sheria yao inamruhusu mkulima kuwa na mtambo mdogo, chungu chake kisizidi lita 150, na kutoa lita 300 tu za alkoholi halisi kwa mwaka. Kabla hajawasha moto huwaarifu watu wa forodha siku na saa atakayopika. Kilo 100 za matufaha humpa takriban lita 4 za alkoholi hiyo. Toroli zima la matunda, na mavuno yake yanaingia kwenye ndoo moja.

Kwa miongo mingi familia hizi hazikuhangaika na soko. Dola ilikuwa na ukiritimba wa pombe kali, na sheria yake ya mwaka 1922 ilimhakikishia mkulima mnunuzi wa spiriti yake. Mwisho wa mwaka 2017 ukiritimba huo ulifungwa. Mnunuzi akaondoka, miti ikabaki. Mwenye shamba akawa na njia mbili: ashike shoka, au atafute kinywaji kitakachobeba jina lake mwenyewe. Baadhi yao wakageukia pombe ya jini. Njia ilikwisha kuonekana: mwaka 2010 jini ya Monkey 47 ilitoka Msitu Mweusi, na aliyeipika ni Christoph Keller, fundi aliyejijengea jina kwa spiriti za matunda karibu na Bodensee.

Jini haiwi jini bila mreteni, ndugu wa mtarakwa wa milima yetu ya Kenya na Tanzania. Kwenye vilima vya Alb ya Swabia kondoo hula majani na kuuacha mreteni kwa miiba yake, hivyo ukatawala malisho. Tunda lake huchukua miaka miwili hadi mitatu kuiva, na tawi moja hubeba mabichi ya kijani pamoja na mabivu ya buluu. Mchumaji hutandika kitambaa chini, akaligonga tawi kwa fimbo. Mabivu hudondoka, mabichi hushikilia. Mwakani atayarudia.

Spiriti ya msingi wengi wao huinunua, kwa kuwa Umoja wa Ulaya unataka iwe na nguvu ya angalau asilimia 96, na chungu cha shambani hakifiki huko kirahisi. Hilo haliwapunguzii sifa. Ndani yake huloweka matunda ya mreteni yaliyopondwa, maganda ya matufaha yao, peasi zilizokaushwa, mizizi, na kila nyumba ina siri yake. Kesho yake moto huwashwa, mdogo. Mvuke hupanda ndani ya mtambo wa shaba, na shaba huzuia uvundo wa salfa. Kwanza hutoka harufu nyepesi za maganda, kisha mreteni kwa utimilifu wake, mwisho mizizi na uzito. Mafundi huuita mgawanyo huu kichwa, moyo na mkia. Mpishi akichelewa kukata mkia, jini nzima itaonja kama chai iliyochemka mno. Akiwahi, ameacha utamu chunguni. Kipimajoto kipo ukutani, lakini yeye anaifuata pua yake.

Moyo ukishapatikana hupunguzwa kwa maji, usishuke chini ya asilimia 37.5. Maji hutiwa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Ukifanya pupa, mafuta ya mreteni hujitenga na kinywaji kinakuwa cheupe kama maji ya tui. Kisha hupumzishwa, na hakuna anayekigusa.

Mwanzoni mwa mwaka, matawi yakiwa bado hayana jani, familia huegemeza ngazi kwenye miti na kuipogoa. Pale mpeasi wa zamani ulipoanguka huchimbwa shimo, mche mpya ukafungwa kwenye mti wa kuuegemeza. Mti mrefu wa namna hiyo huchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha. Anayeufunga kamba leo anamwekea akiba mtu mwingine, atakayesimama kwenye mdomo wa mtambo uleule, akasugue viganja, akanuse, akaujue mwenyewe wakati wa kubadilisha chombo.