Je, Mtu Afananishwe na Kiangazi?

Hivi karibuni tuliketi nyuma ya darasa moja la Kiingereza, tukasikiliza somo la ushairi. Shairi lililosomwa lilikuwa la 18 katika yale 154 ya William Shakespeare yaliyopigwa chapa mwaka 1609. Mwalimu aliliandika ubaoni, akawaagiza wanafunzi watafute tashbihi, istiara na tashihisi, na kuzipigia mstari. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akasema: "Mwalimu, mtu huyu amsifu ampendaye au amtukana? Mbona ataka kumfananisha na kiangazi?" Wenzake wakacheka. Mwalimu akajibu kwamba jambo hilo haliulizwi katika mtihani, na somo likaendelea.

Sisi hatukucheka. Kwetu kiangazi ni wakati wa majani kukauka na visima kupungua maji. Mtu akiambiwa yu kama siku ya kiangazi, atadhani aitwa mkali asiye na huruma. Huko Uingereza mambo ni mengine. Mjini London mchana wa katikati ya Desemba hautimizi muda wa saa 8, bali ule wa katikati ya Juni wapita saa 16. Watu waliokaa miezi mingi katika baridi na giza hulingoja jua kama mkulima wetu aingojavyo mvua ya masika. Laiti mwalimu angalisema maneno hayo machache, darasa zima lingalifahamu.

Lakini swali la mtoto yule lafika mbali zaidi. Mshairi mwenyewe aanza kwa kuuliza kama mfano huo wafaa. Kisha aujaribu kama sonara ajaribuvyo dhahabu, auone una kasoro: upepo hutikisa machipukizi, msimu wenyewe ni mfupi, jua mara huchoma mno, mara hufifia. Ampendaye, asema, ni mzuri kuliko msimu huo, tena ni mpole kuliko huo. Basi shairi hili laleta tashbihi ili kuikataa. Aliyeupigia mstari ule wa kwanza na kuandika "tashbihi" amepata alama yake, lakini shairi limempita. Na yule aliyenung'unika kwamba kiangazi ni kikali mno, ingawa alifikiri kiangazi cha kwetu, alikuwa karibu na mshairi kuliko wote darasani.

Hata tashihisi yake si pambo tu. Mauti yapewa kinywa cha kujisifu, kwa sababu asiye na kinywa hawezi kunyamazishwa. Na kazi ya mistari ya mwisho ni kuyanyamazisha, kwa kudai kwamba maadamu watu waishi na kusoma, mpendwa naye ataishi. Hapo ndipo sisi twaona upungufu. Twaahidiwa kwamba mtu huyo hatakufa, lakini hatuambiwi jina lake, wala sura yake, wala neno moja alilolisema. Lililodumu ni shairi. Mpendwa amebaki kivuli. Kama wanafunzi wangeulizwa kwamba ahadi ile imetimizwa au haikutimizwa, wangalikuwa na jambo la kujadiliana mpaka kengele.

Wako wasemao kwamba watoto wetu hawawezi kufahamu mafumbo ya lugha ya kigeni. Hatukubali. Mtoto aliyekulia penye vitendawili amekwisha kusikia, "Nyumba yangu haina mlango," akajibu, "Yai." Hiyo ni istiara kamili. Wala bibi yake hakumwuliza jina la fumbo. Alimtaka aseme ni kitu gani, na chafananaje na nyumba. Mtoto huyo akiingia darasani, aanziwe pale alipofika, kisha jina la Kiingereza lifuate.

Ndugu walimu, sisi nasi tumewahi kulipitisha swali jema kwa kuogopa saa, na twakiri kosa. Majina ya tamathali yana faida, na mtihani hauna budi kufanywa. Lakini mwanafunzi aulizapo kwa nini mshairi amesema hivi wala hakusema vile, hapo somo la ushairi ndipo linapoanza. Tuiweke chaki chini, tumsikilize.