"Mgawanyiko" na Urithi Usiogawanyika: Uhakiki wa Istilahi za Mitosisi na Meiosisi

Maelezo ya kawaida ya Kiswahili hutofautisha mitosisi na meiosisi kwa hesabu: ya kwanza hutoa seli 2 zenye kromosomu sawa na za seli mama, ya pili hutoa seli 4 zenye nusu yake. Hesabu hiyo ni sahihi kwa jumla, ila hutaja matokeo bila kuonesha yanakotoka.

Walther Flemming aliita mchakato wa kwanza mitosisi mwaka 1882 kwa neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa sababu ya nyuzi alizoziona kwenye kiini. Meiosisi, iliyopewa jina mwaka 1905 na Farmer na Moore, hutokana na neno lenye maana ya kupungua. Kiswahili kilipotohoa majina hayo kilipokea sauti bila maana, na mzigo wote wa ufafanuzi ukaliangukia neno "mgawanyiko".

Neno hilo haliubebi vizuri. Shamba la urithi likigawanyika kwa ndugu wawili, hakuna anayebaki na shamba zima. Msomaji mwenye maana hiyo akilini huambiwa kwamba seli ya ngozi ya binadamu yenye kromosomu 46 hugawanyika kuwa seli mbili, kila moja ikiwa na 46. Inawezekana kwa kuwa DNA hunakiliwa kabla ya mitosisi: kila kromosomu huingia ikiwa na kromatidi mbili, kisha kromatidi hizo huachana. Kinachogawanyika ni mwili wa seli. Urithi hubaki mzima pande zote mbili.

Katika meiosisi DNA hunakiliwa mara moja, lakini seli hugawanyika mara mbili. Kwanza kromosomu wenza, moja ya asili ya baba na nyingine ya asili ya mama, huungana jozi, hubadilishana vipande, kisha hutengana. Hapo ndipo 46 huwa 23. Mgawanyiko wa pili hutenganisha kromatidi, kama katika mitosisi. (Neno "pacha" lingezifaa kromatidi za mitosisi, katika meiosisi, baada ya vipande kubadilishwa, pacha hao hawafanani tena kikamilifu.) Swali la msingi, basi, ni nini kinaachana na nini, na katika hatua ipi. Hata idadi ya 4 ina mipaka: katika uundaji wa yai, meiosisi humalizikia katika yai moja, na seli nyingine ndogo hufa.

Udhaifu huu si wa darasani tu. Mwaka 1959 Lejeune, Gautier na Turpin walichapisha ushahidi kwamba watoto wenye sindromu ya Down wana kromosomu 47. Mara nyingi kromosomu ya 21 iliyozidi hutokana na jozi kushindwa kutengana katika meiosisi, hasa wakati yai linapoundwa. Ufafanuzi wa nusu kwa nusu hauna mahali pa kuliweka tukio hilo. Mzazi anayeelezwa kwamba "kromosomu imezidi", bila zaidi, huachwa atafute sababu katika mwenendo wake au katika ukoo wa mwenzake. Kitenzi "kutotengana" humwonesha hatua yenyewe, nayo hutukia ndani ya seli moja, kwa kawaida kabla mimba haijatungwa.