Seva Moja, Wapangaji 13

Wauzaji wa VPS, yaani seva pepe za kukodisha, hupenda kutangaza viini vya kichakataji: vinne, vinane, kumi na viwili. Anayeendesha mashine yenyewe anajua kwamba viini ndivyo vitu vya mwisho kumwishia. Huanza kuisha RAM, kisha uwezo wa diski kuandika. Anwani za IP, hizo ni chache tangu siku ya kwanza.

Tuchukue mashine inayofahamika, AX41-NVMe inayokodishwa na kampuni ya Hetzner ya Ujerumani. Ina kichakataji cha Ryzen 5 3600 chenye viini 6 na nyuzi 12, RAM ya GB 64, na diski mbili za NVMe za GB 512 kila moja. Juu yake tunaweka Proxmox VE, programu huria inayotengenezwa Vienna, iliyojengwa juu ya Debian. Kazi ya kuendesha mashine pepe inafanywa na KVM, ambayo imo ndani ya keneli ya Linux tangu mwaka 2007.

Hesabu ya wapangaji inaanzia kwenye RAM, kwa sababu RAM haikopeshwi. Diski zile mbili zinaunganishwa kwa mfumo wa faili wa ZFS ili kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye nyingine. ZFS nayo hutaka RAM ya kuhifadhia data inayosomwa mara kwa mara. Zamani kwenye Linux iliweza kuchukua hadi nusu ya RAM yote. Tangu toleo la 8.1, kisakinishi cha Proxmox huiwekea kikomo cha asilimia 10, yaani GB 6.4 katika mashine hii. Tenga 4 nyingine kwa ajili ya mfumo mwenyeji na kile kinachotumiwa na kila mashine pepe kwa kuwapo tu. Zinabaki 53 na ushee. VPS za GB 4 zinaingia 13, basi. Kila moja ikipewa nyuzi 2 tunapata 26 juu ya nyuzi 12 za kweli, na wala sina wasiwasi, maana tovuti nyingi hushinda zimelala. Upande wa diski, GB 512 za muuzaji ni GiB 476 tu zinapohesabiwa na kompyuta, na ZFS huanza kuchechemea ikijazwa kupita asilimia 80. GiB 25 kwa kila mpangaji zinakaa vizuri.

Kuna anayeiona hesabu hiyo kuwa ya woga. Atasema mashine ikianza kujaa, KSM itasaidia, kwa kuwa huzitafuta kurasa za RAM zinazofanana katika mashine pepe mbalimbali na kuzihifadhi kama ukurasa mmoja. Ni kweli, na Proxmox huiamsha yenyewe RAM iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 20. Ila watafiti wameonyesha kwamba kwa kupima muda wa kuandika kwenye kurasa hizo, mteja mmoja anaweza kubashiri kilichomo kwenye RAM ya jirani. Kwenye seva za kampuni moja, iache ifanye kazi. Kwa wateja wasiojuana, izimwe.

Usakinishaji ndio sehemu inayonifurahisha zaidi. Seva iko Falkenstein au Helsinki, hakuna mtu wa kuchomeka kijiti cha USB, na kisakinishi cha Hetzner chenyewe hakiwezi kupanga diski kwa ZFS. Mafundi wamepata njia. Seva inawashwa kwa mfumo wa uokoaji, ambao ni Linux inayoishi kwenye RAM. Humo unapakua faili la ISO la Proxmox, kisha unaanzisha mashine pepe ya QEMU iliyokabidhiwa diski halisi za seva. Unaiona skrini yake kwa VNC, unasakinisha kana kwamba umekaa mbele yake, unaizima, na seva nzima inawaka upya kutoka kwenye diski hizo. Mashine pepe imemzaa mwenyeji wake.

Mtego uko kwenye jina la kadi ya mtandao. Ndani ya QEMU kadi ilikuwa ya kuigiza na ikapata jina lake, pengine ens3; kwenye mashine halisi jina litakuwa jingine, mfano enp7s0. Usiporekebisha faili la /etc/network/interfaces kabla ya kuwasha upya, seva itaamka salama salmini lakini haifikiki. Vilevile, kama seva inawaka kwa UEFI, ile mashine pepe nayo lazima iwashwe kwa UEFI.

Kwenye mtandao wanaoanza hufikiri kwa namna ya ofisini: unganisha mashine pepe zote na kadi ya nje kwa daraja, kila moja ijitokeze na anwani yake ya MAC. Katika kituo cha data swichi huzijua MAC zilizosajiliwa tu, na ngeni hazipiti. Njia safi ni kukodi fungu la anwani, tuseme /28 yenye anwani 16, linaloelekezwa kwenye IP kuu ya seva. Mwenyeji anageuka ruta. Ukiligawa fungu kwa desturi ya kawaida unapoteza anwani tatu: ya mtandao, ya matangazo na ya lango. Zinabaki 13. Ukimpa kila mpangaji anwani yake kama /32, huku lango likiwa ile IP kuu ya mwenyeji, zote 16 zinatumika. RIPE, shirika linalogawa anwani Ulaya, liliishiwa na IPv4 tarehe 25 Novemba 2019. Tangu hapo anwani tatu si za kutupa. Gharama ya mpango huo wa /32 ni kwamba mifumo mingine, Windows hasa, huona ajabu kupewa lango lililo nje ya mtandao wake, na utalazimika kuielekeza kwa mkono.

Diski ndiyo inayoleta ugomvi. Ni kama LUKU moja kwenye nyumba ya kupanga: mmoja akiwasha jiko la umeme, uniti za wote zinakwenda. Hifadhidata inayolazimisha kila muamala ufike diskini kabla ya kuendelea inatosha kuchelewesha tovuti nyingine 12, hasa kama NVMe hazina kapasita za kulinda data umeme ukikatika. Proxmox inaruhusu kuweka kikomo cha uandishi kwa kila diski pepe, na kikomo hicho kiwekwe siku ya kwanza. Mteja hapendi kupunguziwa alichokwisha kukizoea. Siku hiyohiyo funga mlango wa 25 wa kutoka, kwani mpangaji mmoja akituma barua taka fungu zima linaweza kuingia kwenye orodha nyeusi. Washa pia kichujio cha IP ili asiwepo wa kuvaa anwani ya mwenzake.

Nakala rudufu zikae mji mwingine. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la SBG2 la kampuni ya OVH liliteketea Strasbourg, na baadhi ya wateja waliokuwa na nakala kwenye eneo hilohilo walipoteza seva na nakala pia. Kwa seva ya Falkenstein, Helsinki panafaa. Proxmox Backup Server hutuma vipande vilivyobadilika tu, hivyo usiku wa kawaida kazi ni fupi. Lakini kumbukumbu ya kilichobadilika hufutika mashine pepe inapozimwa, na usiku unaofuata kuzimwa kwa mwenyeji GiB 325 zote husomwa upya, kwa hiyo nakala za usiku huo zipangwe kwa zamu. Kurudisha ni hesabu nyingine: kwa laini ya Gb 1 kwa sekunde iliyojaa kabisa, wapangaji wote 13 wanahitaji dakika 47 hivi, na laini haijai kabisa. Nani arudishwe kwanza iandikwe kwenye mkataba, pamoja na bei yake.