Mume wa Mkewe: Juu ya Kivumishi "Uxorious" na Taabu ya Kukifasiri

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza visivyosikika kila siku kimo kimoja ambacho wanafunzi wetu wa fasihi hukutana nacho mara ya kwanza katika tungo za John Milton, na ambacho wengi wao hukipita mbio baada ya kufungua kamusi. Kivumishi hicho ni "uxorious". Maelezo ya kamusi za Kiingereza ni mafupi, nayo yanafanana: husemwa juu ya mume ampendaye mkewe kupita kiasi, au amnyenyekeaye kupita kiasi. Mwanafunzi huyageuza maelezo hayo kuwa Kiswahili, akayaandika pembeni mwa kitabu, akaendelea na safari yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasiri hiyo, ijapokuwa si ya uongo, haimtoshi mhakiki wala mfasiri. Shida imo katika maneno mawili ya mwisho. Kiasi hicho ni cha nani, na ni nani aliyekipima? Tutajaribu kuthibitisha kwamba neno hili, likitumiwa na mtunzi stadi, halipimi wingi wa mapenzi. Hutumiwa pale ambapo mume anadaiwa na pande mbili, mkewe akiwa upande mmoja, na msemaji akiwa upande wa pili. Tutaona pia kwamba Kiswahili kina njia mbili za kuieleza hali hiyo, na kwamba kuzichanganya njia hizo ni kumsingizia mtunzi hukumu asiyoitoa.

Asili ya neno

Katika Kilatini "uxor" ni mke, na "uxorius" ni kivumishi kilichotokana nalo. Maana yake ya msingi haina kejeli: ni "-a mke", au "-nayohusu mke". Wanasheria wa Roma waliita "res uxoria" mali iliyoletwa katika ndoa kwa upande wa mke, na palikuwa na daawa maalumu ya kuidai mali hiyo ndoa inapokwisha. Hapo hatusikii dhihaka yoyote. Ukilichambua neno kiungo kwa kiungo hutaona sehemu yenye maana ya kuzidi wala ya kukosa adabu ya kiume.

Dhihaka iliingia pale washairi walipolielekeza neno kwa mume. Katika kitabu cha nne cha Aeneid, Virgil anamwonyesha Aeneas akiwa Carthage, akisimamia ujenzi wa mji wa malkia Dido. Jupiter anamtuma Mercury kwenda kumkemea, naye Mercury anatumia neno hili hili. Yafaa kutazama vizuri nani anasema na kwa nini. Mercury hana haja ya kujua kama Aeneas anampenda Dido sana au kidogo. Kosa la Aeneas ni kwamba anajenga mji wa mwanamke hali miungu inamtaka aende Italia, ambako kizazi chake kitaianzisha Roma. Zaidi ya hayo, baadaye katika kitabu hicho hicho Aeneas anamwambia Dido kwamba yeye hakufunga naye ndoa. Neno linalomtuhumu kwa ajili ya mke limemwangukia mtu anayekana kuwa na mke.

Horace naye, katika utenzi wa pili wa kitabu cha kwanza cha Odes, analitumia kwa mto. Mto Tiber, ukiwa mume wa Ilia, unafurika ukingo wake wa kushoto ili kumlipizia kisasi mkewe, na unafanya hivyo bila ya ridhaa ya Jupiter. Hapa pia kipimo cha kosa kimo mikononi mwa Jupiter: mto umemsikiliza mke mahali ambapo ulipaswa kumsikiliza mkuu wa miungu.

Milton na matumizi mawili

Milton alikuwa bingwa wa Kilatini, na hapana shaka kwamba alilijua neno hili kwa undani wake wote. Twalikuta katika Paradise Lost, iliyotolewa 1667, na tena katika Samson Agonistes, iliyotolewa 1671. Mara nyingi walimu huyachukulia matumizi haya mawili kuwa kitu kimoja. Sisi twaona kwamba yanatofautiana sana.

Katika kitabu cha kwanza cha Paradise Lost, mshairi anaorodhesha miungu ya uongo, na afikapo kwa Astoreti anakumbusha kwamba hekalu lake lilijengwa na mfalme Sulemani. Hapo ndipo anapomvisha mfalme kivumishi hiki. Papo hapo anaongeza kwamba moyo wa mfalme ulikuwa mpana, lakini ulihadaiwa na wanawake waabudu sanamu. Msomaji makini ataona kwamba kuhadaiwa kumetajwa kwa kitenzi chake. Basi kivumishi kimekuja kufanya kazi gani? Kama kingekuwa na maana ya kuhadaiwa, mshairi angekuwa amerudia jambo moja mara mbili katika sentensi moja. Kivumishi kinataja sehemu ya mfalme mwenyewe, yaani mwelekeo wake kabla ya kuhadaiwa. Sulemani ndiye mjenzi. Hekalu halikujengwa na wake zake.

Katika Samson Agonistes hali ni nyingine. Kwanza tukumbuke kwamba Kitabu cha Waamuzi hakisemi kwamba Delila alikuwa mke wa Samsoni. Kinasema tu kwamba Samsoni alimpenda. Milton ndiye aliyemfanya mke, na bila ya badiliko hilo kivumishi chetu kisingekuwa na nafasi katika mchezo huo. Delila anakuja gerezani Gaza, anataka kumwombea mumewe kwa wakuu ili amchukue nyumbani amtunze. Samsoni, kipofu na mfungwa, anakataa. Anaona kwamba akienda ataishi chini ya matakwa ya mwanamke huyo, na ni katika kuyaeleza maisha hayo ndipo anapolitumia neno. Hapa hakuna habari ya mapenzi yaliyozidi, kwa sababu mapenzi yenyewe yamekwisha kufa. Kinachotajwa ni utumwa, na Samsoni anaona heri utumwa wa kusaga nafaka za adui kuliko ule wa nyumbani.

Kauli ya kutendwa

Sasa tuingie katika lugha yetu. Ni jambo linalojulikana kwamba vivumishi vya asili katika Kiswahili si vingi, na kwamba upungufu huo huzibwa kwa njia nyingine, hasa kwa kitenzi chenye kirejeshi na kwa kihusishi cha "-a". Hatuna basi sababu ya kutafuta neno moja litakalokaa mahali pa neno moja. Yatupasa kuuliza wasemaji wa Kiswahili husema nini wanapomzungumzia mume wa namna hii.

Husema: amekaliwa. Husema: amewekwa kiganjani, ametiwa mfukoni, amelishwa limbwata, yaani dawa inayodaiwa kutiwa katika chakula cha mume ili apumbae. Katika miji ya Kenya vijana husema kwamba amekaliwa chapati. Na dhihaka kali kuliko zote ni ile isemayo: ameolewa. Kuoa ni kwa mwanamume, kuolewa ni kwa mwanamke. Hivyo ndivyo kitenzi hiki kinavyotumika kwa kawaida. Akiambiwa kwamba ameolewa, mume amevuliwa kauli ya kutenda na kuvishwa kauli ya kutendwa, na hadhira yote inacheka kwa sababu ya silabi moja.

Misemo hii yote ina umbo moja: yote imo katika kauli ya kutendwa. Mume ni kiima cha sentensi, lakini si mtendaji. Mtendaji ni mke, hata asipotajwa. Yeye ndiye aliyekalia, aliyeweka, aliyelisha. Kwa hiyo misemo hii inamdhihaki mume na papo hapo inamshtaki mke, na mara nyingi inamshtaki kwa uchawi wa chungu. Lawama ambayo Kiingereza kinaiweka juu ya mume peke yake, Kiswahili cha mitaani kinaigawa, na fungu kubwa linamwangukia mwanamke.

Njia ya pili

Lakini Kiswahili hakiishii hapo. Msikilize mama mkwe au wifi anayesema, "Yule sasa ni wa mkewe tu." Sentensi hii haina kitenzi cha kutendwa wala haimtaji mke kama mtendaji. Kihusishi cha "-a" kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na kiungo cha Kilatini katika "uxorius": kinaunganisha mtu na mkewe, basi. Kuzidi hakumo katika neno lolote. Kumo katika sauti ya msemaji, na msemaji huyo ni mtu mwenye dai lake juu ya mume. Mama anamtaka mwanawe kama Jupiter alivyomtaka Aeneas.

Tukizishika njia hizi mbili, mfasiri wa Milton anapata mwongozo. Kwa Samsoni kauli ya kutendwa inafaa kabisa, maana yeye mwenyewe anazungumzia kutawaliwa. "Mume aliyetawaliwa na mkewe" ni fasiri ya haki. Kwa Sulemani fasiri hiyo ni kosa. Ukimwita "mfalme aliyetawaliwa na wakeze", au ukamwongezea limbwata, umefuta sehemu yake katika kosa na kuwatwika wanawake mzigo ambao Milton ameugawa. "Mfalme wa wake zake" ni karibu zaidi, kwa sababu kunamwacha mfalme asimame na ujenzi wake, na kuhadaiwa kuje baadaye kwa kitenzi chake.

Mfasiri wa Kiswahili ana taabu nyingine ambayo mfasiri wa Kijerumani hana. Wasomaji wake wengi wanamjua Sulemani wa Agano la Kale, lakini wengi vilevile wanamjua Nabii Suleiman, ambaye Kurani, katika Sura ya pili aya ya 102, inamtakasa na ukafiri. Kwa msomaji huyu wa pili kivumishi cha Milton si dhihaka ndogo ya nyumbani, kinagusa imani. Maelezo mafupi katika utangulizi wa tafsiri yatakuwa adabu njema, na yatakuwa pia ushahidi wa hoja yetu kwamba neno hili haliwezi kutengwa na yule anayehukumu.

Upande wa mke

Je, kuna kivumishi kinacholingana na hiki kwa upande wa mke ampendaye mumewe kupita kiasi? George Chapman alitumia "maritorious" katika mchezo wake Bussy D'Ambois, uliochapishwa 1607, akilichezea kwa vina. Neno hilo halikushika mizizi, na leo hukumbukwa na watunga kamusi tu. Sababu yake si ngumu. Mapenzi na utii wa mke havikuwekewa mpaka, na pasipo mpaka hapawezi kuwa na kupita kiasi.

Fasihi yetu inashuhudia jambo hilo hilo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, unamfunza binti kwamba radhi ya mume ni miongoni mwa radhi tano zinazomwokoa, pamoja na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Mshairi hamwonyi binti yake popote kwamba utii huo unaweza kuzidi. Husema tunaweza kusema kwamba mke fulani "ni wa mumewe", lakini tukisema hivyo hakuna atakayecheka, atadhani tunamsifu. Sentensi ni ile ile kwa umbo, na tofauti yote imo katika wanaoisikiliza.

Hitimisho

Tumeona kwamba "kupita kiasi" ni maelezo yanayoficha mpimaji. Tungependa kupendekeza kwa wanaotunga kamusi za Kiingereza na Kiswahili kwamba, kwa vivumishi vya hukumu kama hiki, fasiri moja haitoshi. Ziwekwe mbili, "wa mkewe" na "aliyetawaliwa na mkewe", kila moja na mfano wake, ili mtumiaji aone lini mume analaumiwa peke yake na lini mke anaingizwa katika shtaka. Wala isidhaniwe kwamba pana haja ya kuunda kivumishi kipya. Kihusishi cha "-a" tulicho nacho kinaitenda kazi hiyo kwa umbo lililo jirani na la Kilatini kuliko Kiingereza chenyewe.

Kwa walimu wa fasihi pendekezo letu ni dogo zaidi. Mwanafunzi akikutana na neno hili asiulizwe kwanza maana yake. Aulizwe ni nani anayelisema, na anamtaka mume huyo kwa kazi gani.