Soksi ya Kubana: Namba Huulizwa Mwisho

Pakiti tatu za soksi za kubana zinaweza zote kuandikwa "daraja la 2". Ya kipimo cha Kijerumani hubana kifundo cha mguu kwa milimita 23 hadi 32 za zebaki. Ya Kiingereza hubana kwa 18 hadi 24, na ya Kifaransa kwa 15 hadi 20. Mgonjwa wa Tanga au Kisumu akiandikiwa "daraja la 2" bila maelezo mengine, kisha ndugu yake aliyeko Ulaya akamtumia soksi, huenda akapata theluthi mbili tu ya mgandamizo aliokusudiwa na daktari. Hakuna atakayelijua hilo mpaka mguu ukatae kupungua.

Hiyo peke yake inatosha kutuzuia kuanza na daraja. Lakini iko sababu nzito zaidi. Daraja hueleza soksi inavyobana mguu wa umbo la kawaida, na wenye limfedema, yaani uvimbe wa maji ya limfu, wachache sana wana miguu ya namna hiyo. Pwani tuna matende, yaletwayo na minyoo ya filaria inayosambazwa na mbu. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia, Uganda, Rwanda na magharibi ya Kenya kuna podokoniosisi, inayowapata watu waliotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano. Mijini wanaongezeka akina mama waliotolewa tezi za kwapani na kupigwa mionzi kwa sababu ya saratani ya titi. Kuwapa wote hawa soksi kutoka boksi moja ni kubahatisha.

Tuchukue mguu mmoja wa kufikirika. Ni wa mama mkaanga samaki wa Pangani, mwenye matende ya siku nyingi upande wa kushoto. Kifundo chake kina mzunguko wa sentimita 36 na kigimbi 40. Juu kidogo ya kifundo pana mkunjo wa ngozi unaoweza kuficha ncha ya kidole.

Kanuni inayotawala hapa inabeba jina la Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa: kwa mvuto uleule wa kitambaa, kiungo kinavyozidi unene ndivyo mgandamizo unavyopungua. Kwenye mguu wa kawaida wenye kifundo cha sentimita 22 na kigimbi cha 40, bandeji iliyovutwa sawasawa ikibana 40 kifundoni itabana 22 kigimbini. Tofauti hiyo ndiyo inayosaidia maji kupanda. Kwa mama yetu, 40 kifundoni huwa 36 kigimbini, yaani tofauti imekaribia kwisha. Na ili kuifikia hiyo 40 kwenye kifundo kinene namna ile, bandeji ivutwe kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu, au tabaka ziongezwe. Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini muundi huchubuka: ukingo wa mfupa ni mwembamba, kwa hiyo hubanwa kuliko sehemu zote. Bonde lililo nyuma ya kifundo, kwa upande wake, halibanwi kabisa. Ndiyo maana mtaalamu hukata vipande vya sponji akajaza bonde, akafunika muundi, akausawazisha mkunjo. Anarekebisha umbo kabla ya kulibana.

Baada ya umbo huja ufumaji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Soksi nyingi za madukani hufumwa kwa mviringo, hazina mshono. Sindano za mashine hazibadiliki idadi kutoka chini hadi juu. Umbo hupatikana kwa kukaza na kulegeza uzi, na njia hiyo ina kikomo. Soksi hizo ni nyembamba, zinapendeza, na bei yake ni nafuu kuliko za kushonewa. Kwa mguu uliovimba kidogo na wenye umbo lake la asili zinafaa kabisa. Mvalishe mama wa Pangani, na kabla ya adhuhuri kitambaa kitakuwa kimezama kwenye mkunjo na kujiviringisha kama kamba. Chini ya kamba hiyo maji yatajaa, ngozi itakatika, na bakteria watapata mlango. Mwenye matende anajua kinachofuata: homa, kutetemeka, mguu kuwaka moto, siku kadhaa bila kazi.

Soksi ya kufumwa bapa huanza kama kipande cha kitambaa. Mashine huongeza na kupunguza sindano mstari baada ya mstari kwa kufuata vipimo vya mgonjwa, kisha kitambaa hukunjwa na kushonwa. Ni nene na ngumu, mshono wake unaonekana, na vijana huikataa kwa sababu hiyo. Lakini huupita mkunjo juu kwa juu bila kuzama ndani yake, na ukaidi wa kitambaa ndio unaofanya kazi.

Ukaidi huo unapimika. Hupimwa mgandamizo mgonjwa akiwa amelala, halafu akiwa amesimama, mahali kano ya kisigino inapoanza kuwa msuli, upande wa ndani. Tofauti ikizidi milimita 10, kitambaa huhesabiwa kuwa kigumu. Kitambaa kigumu hubana kwa wastani mtu akipumzika, kisha humgomea msuli unapotanuka katika kutembea. Kila hatua huwa pampu. Kitambaa laini chenye kuvutika sana hubana muda wote, hata usingizini, na hunyooka msuli unaposukuma. Kwa sababu hiyo ile bandeji ya kuvutika ya watu walioteguka haifai kulaliwa nayo, japo wengi huambiwa waifunge "hadi asubuhi".

Je, mama yetu apimwe leo? Hapana. Mguu uliojaa hupunguzwa kwanza kwa bandeji zisizovutika sana, tabaka juu ya tabaka, kwa wiki kadhaa, pamoja na kuosha, kukausha katikati ya vidole na mazoezi ya kifundo. Vipimo huchukuliwa ukishaacha kupungua, asubuhi, mara tu bandeji zinapofunguliwa. Ukiupima umejaa, utayashonea soksi maradhi yenyewe, nayo itapwaya mguu ukipungua.

Upimaji wenyewe unataka uvumilivu wa fundi cherehani. Alama huwekwa kwa kalamu juu ya ngozi: mwanzo wa vidole, kisigino kuzunguka hadi juu ya wayo, kifundo mahali pembamba zaidi, pale kano inapogeuka msuli, kigimbi mahali pa unene zaidi, chini ya goti; soksi ikienda pajani, goti lenyewe, katikati ya paja na karibu na kinena. Urefu kutoka sakafuni hadi kila alama huandikwa pia. Fundi akisahau urefu, unene wa kigimbi utafumwa mahali pasipo na kigimbi. Viatu navyo viulizwe mapema, maana soksi ya bapa hujaza kiatu, na mama akilazimika kuchagua atavua soksi.

Kuna kipimo kimoja ambacho si cha kuruka. Presha ya damu ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.5, hakuna kubana mpaka mtaalamu wa mishipa ya damu aamue. Kati ya 0.5 na 0.8, nguvu ipunguzwe na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Kwa wenye kisukari jibu la kupendeza linaweza kudanganya, kwa kuwa mishipa iliyokakamaa huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Likivuka 1.3, presha ya kidole gumba cha mguu ndiyo ya kuaminiwa. Moyo ulioshindwa kazi na maambukizi makali ya ngozi navyo hutibiwa kwanza.

Mkono uliovimba baada ya saratani ya titi una maswali yake. Mgandamizo unaohitajika kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mguu. Kosa ninalolichukia ni kumpa mama vazi linaloishia kwenye kiungo cha mkono na kiganja bila kuangalia vidole. Kiganja chake kikiwa kimeanza kuvimba, maji yatateremka huko na pete haitavalika. Anahitaji glavu pamoja na vazi la mkono. Ukanda wa silikoni wa kushikilia juu ya mkono ni mzuri kwenye baridi. Kwenye jasho la Mombasa mara nyingi huacha upele.

Halafu iko mikono ya kuivuta soksi. Nani ataivalisha soksi ya mguu saa 12 asubuhi? Mwenye baridi yabisi hawezi kuvuta kitambaa cha daraja la 3, hata kwa glavu za mpira. Anaweza kuvaa mbili za nguvu ndogo moja juu ya nyingine, kwa kuwa mgandamizo wake hujumlishana kwa makadirio na ukaidi huongezeka. Au apewe vazi la mikanda ya kunata, analolikaza mwenyewe mguu unapopungua. Kwa miguu yenye mikunjo ningechagua mikanda hiyo, au bandeji za kufulika na mwanafamilia aliyefundishwa kuzifunga, kuliko boksi la soksi za msaada. Maboksi hayo aghalabu hujaa zile nyeupe za wodini, zilizotengenezwa kuzuia damu kuganda kwa mtu aliyelala kitandani, na hubana kwa takriban 18 tu.

Sasa namba inaweza kuandikwa, na iandikwe kwa milimita za zebaki. Ziagizwe mbili, moja ivaliwe nyingine ikifuliwa, zianikwe kivulini. Baada ya miezi sita hivi uzi huwa umechoka. Mama arudi baada ya wiki moja. Akirudi na alama nyekundu mahali pamoja, kasoro itafutwe kwenye kipimo cha mahali hapo. Vidole vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, soksi ivuliwe palepale. Na akisema huivua kila saa 6 mchana kwa sababu ya joto la karai, aulizwe kama anaweza kukaanga asubuhi mapema au jioni, kabla ya mtu yeyote kugusa daraja.